Kuunganisha, kugawanya au kushirikiana: sheria za mipaka ya wilaya za shule Marekani zikilinganishwa

Muswada wa kupanga upya wilaya za shule unapofika katika bunge la jimbo lolote la Marekani, swali la kwanza la mzazi huwa ni kama shule ya mtoto wake itafungwa. Ni swali la haki kabisa, ila mara nyingi muswada wenyewe haulijibu, kwa kuwa unachobadilisha ni mipaka ya mamlaka na mfuko wa kodi, na hatima ya jengo la shule huachiwa bodi mpya ambayo wakati wa mjadala hata haijachaguliwa. Kwa hiyo mpiga kura anayetaka kuchagua kwa busara kati ya mapendekezo mawili au matatu hana budi kuyaweka bega kwa bega na kuyauliza maswali mengine kwanza: nani anapiga kura, fedha na madeni yanaangukia upande gani, na je, kuna mlango wa kutokea iwapo mambo hayatakwenda kama yalivyoahidiwa. Hapa ninalinganisha njia kuu ambazo majimbo yamezitumia, na nitasema wazi ipi naiona bora na kwa nani, maana uamuzi huu unawagusa watoto wanaopanda basi kabla ya jua kuchomoza, na kwao kutokuwa na msimamo si msaada.

Kwa msomaji aliyezoea nchi ambamo serikali kuu huajiri walimu na kupanga bajeti ya shule zote, wilaya ya shule ya Kimarekani inahitaji kuelezwa kidogo. Ni mamlaka ya umma inayojitegemea, ambayo kwa kawaida ina bodi inayochaguliwa na wakazi, ina uwezo wa kutoza kodi ya ardhi na majengo na kukopa kwa hati fungani, na katika majimbo mengi mipaka yake haifuati mipaka ya mji wala ya kaunti. Katika mwaka wa masomo wa 1939–40 nchi ilikuwa na wilaya 117,108. Leo zimebaki takribani 13,000, na sehemu kubwa ya upungufu huo ni kazi ya sheria za majimbo. Kwa wastani wa nchi, takribani asilimia 45 ya fedha za shule za umma hutoka katika vyanzo vya eneo lenyewe, hasa kodi ya mali, na hivyo mstari unaochorwa kwenye ramani huamua pia ni viwanda gani, maduka gani na nyumba zipi zitachangia darasa la mtoto fulani.

Mahakama ya Juu ya Marekani iliupa mstari huo uzito zaidi mwaka 1974, katika kesi ya Milliken dhidi ya Bradley, ilipoamua kwa kura tano dhidi ya nne kwamba wilaya 53 zinazoizunguka Detroit haziwezi kulazimishwa kuingia katika mpango wa kuwachanganya wanafunzi weusi na weupe bila ushahidi kwamba wilaya hizo zenyewe zilihusika na ubaguzi. Tangu hapo mahakama za shirikisho zimekuwa zikiuvuka mpaka wa wilaya kwa nadra sana, na mamlaka ya kuusogeza yamebaki hasa mikononi mwa mabunge ya majimbo. Ndiyo sababu sheria hizi, ambazo huonekana kama mambo ya utawala tu, zinastahili kusomwa kifungu kwa kifungu.

Kigezo cha idadi

Njia iliyo wazi kuliko zote ni kuandika idadi katika sheria na kuiacha idadi hiyo ifanye kazi. Arkansas ilifanya hivyo kwa Sheria Namba 60, iliyotokana na kikao maalumu cha bunge kilichoanza mwishoni mwa 2003: wilaya yoyote yenye wanafunzi chini ya 350 kwa miaka miwili mfululizo ilitakiwa kuungana na nyingine, na isipopata mwenza kwa hiari, bodi ya elimu ya jimbo ingeitafutia. Gavana Mike Huckabee alitaka kiwango kiwe wanafunzi 1,500, bunge likakataa, na sheria ikaanza kutumika bila saini yake. Kufikia Julai 2004 wilaya nyingi ndogo zilikuwa zimekwisha kuunganishwa, na jumla yake katika jimbo ikashuka kutoka zaidi ya 300 hadi karibu 250.

Chanzo cha sheria hiyo kinafaa kukumbukwa na kila anayedhani kwamba kushinda kesi ndiyo mwisho wa safari. Mwaka 1992 wilaya ndogo ya Lake View, katika Kaunti ya Phillips kwenye uwanda wa mto Mississippi, ilikwenda mahakamani ikidai kwamba mgawanyo wa fedha za shule uliwaonea watoto wa maeneo maskini. Novemba 2002 Mahakama ya Juu ya Arkansas ilikubali kwamba mfumo huo ulikiuka katiba ya jimbo. Bunge lilijibu kwa kuongeza fedha, na pia kwa kuweka kile kiwango cha 350, na Lake View yenyewe, ambayo wanafunzi wake hawakufika idadi hiyo, ikaingizwa katika wilaya ya Barton-Lexa mwaka 2004. Wakazi wake walipata hukumu waliyoitafuta kwa miaka 10, na chombo walichokitumia kuitafuta kikafutwa.

Fadhila ya kigezo cha idadi ni kwamba hakina upendeleo: mbunge mwenye ushawishi hawezi kuiokoa wilaya ya kwao huku akiifuta ya jirani. Tatizo lake ni kwamba idadi haijui milima wala mito. Wilaya yenye wanafunzi 340 iliyo kilomita chache kutoka kwa jirani yake kwenye barabara nzuri, na nyingine yenye wanafunzi 340 hao hao lakini iliyotawanyika katika mabonde ya milima ya Ozark, zote zinaandikwa chini ya kiwango kimoja. Arkansas yenyewe ilikuja kulikubali hilo: mwaka 2015 bunge lilipitisha sheria inayoiruhusu wilaya iliyoshuka chini ya 350 kuomba msamaha, iwapo haiko katika matatizo ya kitaaluma, ya kifedha au ya majengo, na iwapo kuendelea kwake ni kwa manufaa ya wanafunzi kutokana na muda wa safari. Ukiona muswada wenye kigezo cha idadi peke yake, bila kifungu cha aina hiyo tangu mwanzo, una sababu nzuri ya kuupinga hadi kifungu hicho kiwekwe.

Motisha yenye tarehe ya mwisho

Njia ya pili inaanza kwa kubembeleza na kumalizia kwa kuamuru, na mfano wake uliochunguzwa sana ni Vermont. Jimbo hilo dogo lilikuwa na wilaya zaidi ya 270, baadhi yake zikiwa hazina hata shule moja na zikiwalipia wanafunzi wao karo kwingine, huku idadi ya watoto ikipungua mwaka hadi mwaka. Mwaka 2015 Gavana Peter Shumlin alitia saini Sheria Namba 46, iliyotaka wilaya zijipange katika vyombo vikubwa vyenye wanafunzi wasiopungua 900. Miji iliyoharakisha kuungana ilipewa punguzo la kodi ya makazi la senti 10 kwa kila dola 100 za thamani katika mwaka wa kwanza, kisha 8, 6, 4 na 2. Walioridhika na mpango huo walipiga kura wakajiunga. Wale ambao hawakutaka walikuwa na nafasi ya kuandika pendekezo mbadala na kulitetea, lakini Bodi ya Elimu ya Jimbo ilitakiwa kutoa mpango wa mwisho kufikia Novemba 30, 2018, na katika mpango huo iliunganisha kwa lazima miji kadhaa iliyokuwa imekataa kwa kura. Miji hiyo ilikwenda mahakamani, na mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Vermont ikaiacha sheria isimame.

Kinachonivutia katika Vermont ni kazi iliyofanywa na muda. Miaka mitatu ilitosha kwa majirani kukaa pamoja, kuhesabu, kugombana na kuandikiana mikataba, na mikataba mingi ya muungano iliweka sharti kwamba shule ya mji haitafungwa bila kura ya mji wenyewe, angalau kwa miaka ya mwanzo. Sharti hilo ni haki ambayo mji uliosubiri kuamriwa huwa hauna uwezo mkubwa wa kuidai. Hata hivyo sitaki msomaji adhani kwamba muungano wa namna hii humaliza mjadala. Watoto waliendelea kupungua na gharama kupanda, na Julai 2025 Gavana Phil Scott alitia saini Sheria Namba 73, inayofikiria wilaya kubwa zaidi, zenye wanafunzi kati ya 4,000 na 8,000 kila inapowezekana, na iliyounda kikosi kazi cha kupendekeza mipaka mipya. Mji uliokubali kuungana mwaka 2016 kwa kuamini kwamba umemaliza kazi ulijikuta, miaka tisa baadaye, mbele ya ramani nyingine.

Maine ilitumia fimbo zaidi kuliko asali. Sheria ya mwaka 2007, iliyosukumwa na Gavana John Baldacci na kupitishwa pamoja na bajeti, ililenga kupunguza vyombo vya usimamizi wa shule kutoka 290 hadi karibu 80, kila kimoja kikiwa na wanafunzi 2,500, au 1,200 pale ambapo jiografia haikuruhusu zaidi. Wilaya ambazo hazikutii zingepunguziwa ruzuku ya jimbo. Mwaka 2009 wapiga kura waliulizwa kama sheria ifutwe, wakakataa kuifuta. Lakini baadaye bunge liliziondoa adhabu na kufungua njia ya kujitoa, na miji kadhaa ikajitoa. Tofauti na Vermont ni hii: adhabu ya fedha iliwafanya watu wakubali muungano wasiouamini, na adhabu ilipoondoka, sababu ya kubaki nayo iliondoka.

New York imekuwa na subira zaidi ya wote. Wilaya zinazoungana hupata nyongeza ya msaada wa uendeshaji inayofikia asilimia 40 kwa miaka mitano, kisha hupungua kwa asilimia nne kila mwaka hadi kwisha katika mwaka wa kumi na nne. Kabla ya kura rasmi hupigwa kura ya kupima maoni, na katika muungano wa kawaida kila wilaya huhesabiwa kivyake, hivyo wengi wa upande mmoja hawawezi kuwameza wachache wa upande wa pili. Bei ya ulinzi huo ni kwamba mapendekezo mengi hukwama, mara nyingi kwa sababu wilaya moja ilisema ndiyo na nyingine ikasema hapana. Illinois nayo inalipa jambo ambalo majimbo mengine hulificha: wilaya mbili zinapoungana, mishahara ya walimu kwa kawaida hupandishwa kufikia ile ya wilaya iliyokuwa ikilipa vizuri zaidi, kwa kuwa hakuna chama cha walimu kitakachokubali wanachama wake washushwe. Jimbo hilo hufidia tofauti hiyo kwa miaka kadhaa, na hutoa pia dola 4,000 kwa kila mtumishi wa muda kamili mwenye cheti cha taaluma. Ukisikia mtetezi wa muungano akitaja akiba itakayopatikana kwa kuondoa mkurugenzi mmoja na ofisi yake, muulize hapo hapo kuhusu ngazi ya mishahara, kwa sababu akiba ya ofisi moja inaweza kumezwa yote na nyongeza ya walimu 60.

Kaunti nzima kuwa wilaya moja

Baadhi ya majimbo yalikwisha kulimaliza suala la mipaka midogo zamani. West Virginia ilifuta wilaya 398 mwaka 1933 na kubaki na 55, moja kwa kila kaunti. Florida ina 67 kwa msingi wa katiba yake, Maryland ina 24 ukihesabu jiji la Baltimore, Nevada ina 17, na Hawaii ina moja tu kwa jimbo zima. Faida yake kubwa ni ya kifedha na kijamii: mtaa wa matajiri na mtaa wa maskini wa kaunti moja hula katika chungu kimoja, na mji mdogo hauwezi kujizungushia uzio wa kodi.

Hasara hujitokeza katika ncha mbili. Katika kaunti yenye watu wengi chombo huwa kikubwa kupita kiasi. Kaunti ya Clark, yenye jiji la Las Vegas, ina wanafunzi wapatao 300,000, na mwaka 2017 bunge la Nevada lilipitisha sheria ya kuwapa wakuu wa shule mamlaka juu ya sehemu kubwa ya bajeti zao, baada ya wazo la kuivunja wilaya hiyo kujadiliwa na kuachwa. Katika kaunti za milimani tatizo ni jingine. West Virginia haikuwa na wilaya ndogo za kuunganisha, na bado ilifunga mamia ya shule kuanzia miaka ya 1990, baada ya mamlaka ya ujenzi wa shule iliyoundwa mwaka 1989 kuelekeza fedha zake kwa miradi inayokidhi vigezo vya ukubwa. Mpaka wa wilaya haukusogea hata hatua moja, na mtoto wa bondeni akajikuta anasafiri mbali zaidi. Mzazi anayedhani kwamba kupinga mabadiliko ya mipaka ndiko kuilinda shule yake na auangalie mfano huo kwa makini.

Kujitenga

Njia ya nne inakwenda kinyume na zote zilizotangulia, na ndiyo inayonipa wasiwasi mkubwa. Hapa sheria inaruhusu sehemu ya wilaya, kwa kawaida mji, kujikata na kuanzisha wilaya yake. Wanaoitetea husema kwamba wilaya kubwa haisikii sauti zao, na katika maeneo mengine ni kweli. Ila tazama nani hupiga kura.

Utah ilibadilisha sheria yake mwaka 2006 ili miji iweze kuanzisha mchakato huo. Novemba 2007 wakazi wa upande wa mashariki wa wilaya ya Jordan, kusini mwa Salt Lake City, walipiga kura ya kujitenga, na wilaya ya Canyons ikaanza kazi mwaka 2009. Wakazi wa upande wa magharibi, ambako familia zilikuwa zikiongezeka na shule mpya zikihitajika, hawakuruhusiwa kupiga kura juu ya kugawanywa kwa wilaya waliyokuwa wakiilipia. Walikwenda mahakama ya shirikisho, na mwaka 2010 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba sheria hiyo haikuvunja katiba. Inawezekana kabisa kwamba majaji walikuwa sahihi kuhusu katiba. Kuhusu haki kati ya majirani, naamini kwamba kila anayebakishwa na deni au na majengo yasiyotosha alistahili kuulizwa.

Kisa cha Memphis kinaonyesha jinsi sheria moja inavyoweza kuunganisha na kutenganisha kwa wakati mmoja. Desemba 2010 bodi ya shule za jiji la Memphis ilipiga kura ya kujivunja ili shule zake ziingie katika wilaya ya Kaunti ya Shelby, na Machi 2011 wapiga kura wa jiji wakakubali kwa wingi mkubwa. Bunge la Tennessee lilikuwa limekwisha kupitisha, mwezi mmoja kabla, sheria iliyoahirisha muungano hadi 2013 na kufungua mlango, baada ya muungano, kwa miji ya pembezoni kuunda wilaya zake. Muungano ulifanyika Julai 2013. Mwaka mmoja tu baadaye miji sita, yaani Arlington, Bartlett, Collierville, Germantown, Lakeland na Millington, ilifungua wilaya zake yenyewe. Shule tatu zenye jina la Germantown zilibaki chini ya wilaya ya kaunti kwa sababu ya wanafunzi waliotoka nje ya mji, na mzozo juu yake ulihitaji sheria nyingine ya jimbo mwaka 2022. Juhudi zote za kuunganisha zilidumu kwa ukamilifu wake mwaka mmoja wa masomo.

Alabama inaruhusu mji wenye wakazi 5,000 au zaidi kuanzisha mfumo wake wa shule. Mji wa Gardendale ulipotaka kujitoa katika wilaya ya Kaunti ya Jefferson, ambayo ilikuwa bado chini ya amri ya mahakama ya kuondoa ubaguzi, jaji wa shirikisho aliona mwaka 2017 kwamba rangi ilikuwa kichocheo, lakini akaruhusu sehemu ya mpango; Februari 2018 mahakama ya rufaa ikauzuia wote. Mizizi ya hukumu hiyo inafika mwaka 1972, ambapo Mahakama ya Juu, katika kesi ya mji wa Emporia wa Virginia, ilisema kwamba mji hauwezi kujitenga ikiwa athari yake ni kukwamisha kuondolewa kwa ubaguzi. Ulinzi huo, hata hivyo, unafanya kazi pale tu ambapo amri ya mahakama ingali hai. Amri hizo zimekuwa zikifutwa moja baada ya nyingine, na pale ambapo hakuna amri, kinachobaki ni maneno ya sheria ya jimbo.

Muswada wa kujitenga ninaoweza kuutetea ungehitaji mambo matatu ndani yake: kura ya wilaya nzima na si ya wanaoondoka peke yao, hesabu huru ya thamani ya mali ya kutozwa kodi kwa kila mwanafunzi pande zote mbili kabla na baada, na mgawanyo wa deni la hati fungani ulioandikwa katika sheria yenyewe badala ya kuachiwa mazungumzo ya baadaye. Sijaona sababu ya kulegeza lolote kati ya hayo.

Kushirikiana bila kugusa mpaka

Kuna njia ambayo haizungumzwi sana kwa sababu haina kishindo. New York ilianzisha mwaka 1948 bodi za huduma za elimu za ushirika, ambazo leo ni 37, na wilaya hununua kupitia kwazo mafunzo ya ufundi, elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu na huduma za kompyuta ambazo kila moja peke yake isingezimudu. Iowa ina wakala za elimu za kanda zilizoundwa kwa sheria ya mwaka 1974, na inaruhusu pia wilaya mbili kugawana madarasa: wilaya A inafundisha sekondari ya chini kwa ajili ya zote mbili, wilaya B inafundisha sekondari ya juu, na kila moja inabaki na bodi na kodi yake. Miungano mingi ya Iowa ilianza kama ugawanaji wa namna hiyo, watoto wakiwa wameshacheza timu moja kwa miaka kabla wazazi wao hawajaulizwa kuhusu mpaka.

Ushirikiano haurekebishi umaskini wa kodi. Wilaya mbili zisizo na viwanda wala maduka zikishirikiana, zitabaki wilaya mbili maskini zenye mwalimu mmoja wa fizikia badala ya kutokuwa naye kabisa. Huo ni msaada wa kweli kwa mwanafunzi anayehitaji somo hilo mwaka huu, lakini usiuzwe kama jibu la suala la usawa. Nebraska ilijaribu kwenda mbali zaidi. Baada ya sheria ya mwaka 2006 ya kuigawa wilaya ya Omaha katika sehemu tatu, zilizokaribia kufuata mistari ya rangi, kuzua kesi na kuachwa kabla ya kutekelezwa, bunge liliunda mwaka 2007 jumuiya ya wilaya 11 za Omaha na viunga vyake zilizochangia kodi ya pamoja. Mipaka ilibaki, fedha zikavuka. Kodi hiyo ya pamoja iliondolewa kwa sheria ya mwaka 2016 kutokana na malalamiko ya wilaya zilizoona zinapoteza, ila kwa miaka kadhaa ilithibitisha kwamba mpaka wa utawala na mpaka wa mfuko vinaweza kutenganishwa.

Namna ya kuchagua

Kama unaishi katika wilaya ya vijijini yenye wanafunzi mia tatu au mia nne na idadi inashuka kila mwaka, chaguo langu ni sheria ya motisha yenye tarehe ya mwisho, na ushauri wangu ni kuingia katika mazungumzo mapema, wakati bado una cha kudai. Dai kura ya mji kabla ya shule kufungwa, dai kikomo cha muda wa kukaa ndani ya basi kiandikwe kwa dakika, na dai viti katika bodi vigawanywe kwa namna ambayo mji mkubwa hautaamua kila jambo peke yake. Tafiti kuhusu ukubwa zinakubaliana kwa kiasi kikubwa kwamba akiba hupatikana hasa pale wilaya ndogo sana zinapoungana; wilaya ya wanafunzi 3,000 inayoambiwa iungane na nyingine ya ukubwa huo kwa hoja ya kuokoa fedha ina haki ya kuomba hesabu iliyoandikwa, pamoja na gharama za usafiri.

Kama tatizo la wilaya yako ni upungufu wa masomo na wataalamu, na kodi yake inatosha, anza na ushirikiano. Ukishindwa, hujapoteza chochote ambacho hakiwezi kurudishwa. Kama tatizo ni kwamba wilaya maskini imezungukwa na tajiri, ushirikiano hautatosha, na ni wilaya ya kaunti nzima au kodi ya pamoja ndiyo inayogusa kiini cha jambo. Hapo wapinzani watakuwa wengi na wenye sauti, na bado nasema ni njia inayostahili kupiganiwa, mradi sheria iweke ulinzi wa umbali kwa shule za pembezoni ambao West Virginia haikuuweka kwa nguvu ya kutosha. Wanaokuletea karatasi ya kutia saini ili mji wenu ujitenge, waombe kwanza ramani inayoonyesha watakaobaki ni akina nani na watabaki na nini.

Kwa vyovyote vile, soma tarehe ya kuanza kutumika kabla ya kifungu kingine chochote. Mwaka 2005 bunge la Nebraska lilipitisha, kwa kuishinda kura ya turufu ya Gavana Dave Heineman, sheria ya kuziingiza wilaya zaidi ya 200 za shule za msingi pekee, nyingi zikiwa za vijijini kabisa, katika wilaya kubwa zenye sekondari. Wapinzani walikusanya saini za kutosha kupeleka suala hilo kwenye kura ya maoni ya Novemba 2006, na wakashinda. Wapiga kura waliifuta sheria hiyo. Lakini wilaya zenyewe zilikuwa zimevunjwa tangu Juni mwaka huo, miezi mitano kabla ya kura, na kufutwa kwa sheria hakukuzirudisha. Muswada ambao utekelezaji wake unasubiri hadi muda wa saini na wa kura ya maoni upite unaweza kuungwa mkono hata na mtu mwenye shaka na baadhi ya vifungu vyake. Muswada usiposubiri hivyo, peleka pingamizi lako kwenye kamati ya bunge wakati muswada bado unasomwa.